Chungu Hakina Kabila

Tukiandika kuhusu Magdalene Odundo tunaanza na kitambulisho. Amezaliwa Nairobi, 1950. Mkenya. Basi vyungu vyake, ati, ni sauti ya mababu. Hata mimi nimewahi kuandika hivyo, na sasa naona nilikosea.

Angalia chungu chenyewe. Tumbo limejaa, shingo imeinuka na kuinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Hakuna ule mng'aro wa kioo wa vikombe vya dukani. Ulaini wake unatokana na kusuguliwa, tena na tena, kabla ya moto. Hakuna gurudumu pia. Ni mikono inayopandisha udongo polepole. Kikichomwa kwa hewa ya kutosha, kinatoka na rangi ya chungwa iliyokolea. Kikirudishwa motoni na kunyimwa hewa, moshi unakigeuza cheusi. Udongo ni uleule.

Mbinu hizi hakurithi. Alienda Uingereza 1971, na ilikuwa 1974 alipofika Abuja ya zamani, mji unaoitwa Suleja leo, kujifunza kwenye kituo alichofanya kazi Ladi Kwali, mfinyanzi mkubwa wa Nigeria. Baadaye akafika New Mexico, Marekani, kuona ufinyanzi wa Wapueblo. Uafrika wa mikono yake aliutafuta, akafundishwa. Damu haikumfinyangia kitu.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu naandika nikiwa Nakuru. Hapa, mapema 2008, watu walifukuzwa na kuuawa kwa sababu ya kabila na mahali walikotoka babu zao. "Ardhi ya mababu" si maneno matamu tu ya kupamba makala ya sanaa. Mhakiki akisifu chungu kwa sababu ya damu ya aliyekifinyanga, anatumia kipimo kilekile, hata kama nia yake ni njema.

Na ardhi yenyewe inatukatalia. Bonde hili limetoa vigae vya vyungu vya maelfu ya miaka vinavyoitwa Nderit, jina la mto unaoingia Ziwa Nakuru. Nje vina alama ndogo zilizobanana kama msuko wa kikapu. Ndani, mahali ambapo chakula kingefunika, kuna mikwaruzo pia. Mtu alihangaika kupamba pasipoonekana. Jina la mto tunalo. La huyo fundi hatuna, wala kabila lake, na bado kazi yake inatugusa.

Lawama yangu ni moja, na si ya Odundo: wengi wetu hapa tunavijua vyungu vyake kwa picha za simu tu. Uingereza ilimpa heshima ya Dame mwaka 2020. Sisi tunampa sifa ya uzawa, halafu basi.

Siku ukikutana na mfinyanzi kando ya barabara, usimuulize kwao ni wapi. Muulize udongo ameuchimba wapi, na nani alimfundisha.