Wapimaji wa Hatua

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wanasayansi wa mwendo wamemfuata huyo mwenda pole kwa miaka mingi na kugundua kwamba huanguka, tena mara nyingi bila kujikwaa popote. Katika nyumba mbili za kutunzia wazee huko British Columbia, Kanada, Stephen Robinovitch na wenzake walichunguza picha za kamera zilizofungwa kwenye korido na vyumba vya kulia. Kati ya 2007 na 2010 zilinasa matukio 227 ya watu kuanguka. Waliojikwaa walikuwa kama mmoja kati ya watano. Sababu kubwa, asilimia 41, ilikuwa kuhamisha uzito wa mwili vibaya: mtu anageuka, au ananyoosha mkono achukue kitu, na kiwiliwili kinafika mahali ambapo miguu bado haijafika.

Sifa ya kwanza ya kazi hii ni subira ya kutazama. Muulize aliyeanguka ilikuwaje, atakwambia alijikuta chini. Mtafiti hakubali jibu likomee hapo. Anairudia picha ile ile, nukta baada ya nukta, mpaka aone uzito ulipohama na mguu ulipochelewa.

Anajua pia kwamba hakuna binadamu asimamaye tuli. Tukiwa wima tunayumba kidogo kidogo bila kujua, huku macho, sikio la ndani na hisia za nyayo zikipeleka habari ubongoni ili misuli irekebishe. Katika karne ya 19 Moritz Romberg, tabibu wa Berlin, aliwasimamisha wagonjwa miguu pamoja, kisha akawaambia wafumbe macho. Aliyepoteza hisia za miguuni alipepesuka hapo hapo, kwa sababu kumbe ni macho yaliyokuwa yamemshikilia. Kipimo hicho hakikuhitaji chombo chochote, na madaktari wanakitumia hadi leo.

Vipimo vingi vya fani hii vina urahisi huo. Kimoja maarufu, kilichochapishwa 1991, kinataka kiti, saa na mita 3 za sakafu: mtu ainuke, aende, ageuke, arudi, aketi. Kingine kilitoka Sweden mwaka 1997. Lillemor Lundin-Olsson na wenzake waliwatazama wazee 58 wakitembea huku wakizungumzishwa. Kumi na wawili walisimama ili waweze kujibu, na kumi kati yao walianguka ndani ya miezi sita. Mwendo wao ulikuwa umeanza kuudai ubongo wote, haukubakiza nafasi ya maneno. Kwetu, ambako kusimama na kujuliana hali ni adabu, mpimaji angelazimika kuwa na jicho kali zaidi, amtenganishe anayesimama kwa heshima na anayesimama kwa kukosa namna.

Aliyeivunja kabisa hoja ya kwamba kuanguka “ndiyo uzee” ni Mary Tinetti, daktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 336 wenye miaka 75 na zaidi. Karibu theluthi walianguka, ila hatari haikugawanywa sawasawa. Waliihesabu kwa visababishi: dawa za kutuliza, udhaifu wa miguu, matatizo ya nyayo, kuyumba na vinginevyo. Asiye na hata kimoja, hatari yake ilikuwa asilimia 8. Mwenye vinne au zaidi, asilimia 78. Umri huwezi kuupunguza, lakini dawa unaweza kuipunguza na mguu unaweza kuutia nguvu. Mwaka 1994 kundi lake lilionyesha kwamba kuvishughulikia visababishi hivyo kwa pamoja hupunguza idadi ya wanaoanguka.

Nyumbani kwetu kinga ya kwanza ni kiti. Bibi akianguka mara moja, wajukuu humzunguka: “Bibi, tulia hapo hapo, kila kitu utaletewa.” Hayo ni mapenzi, na hakuna wa kuyabeza. Lakini mguu usiotumika husinyaa, na safari ya chooni usiku, ambayo haina wa kumletea, inazidi kuwa ya hatari. Huko Marekani baadhi ya nyumba za wazee zilifika hatua ya kuwafunga vitini kwa mikanda. Tinetti na wenzake walipochunguza, mwaka 1992, walikuta kwamba mikanda haikuwaepusha na majeraha makubwa.

Watafiti wa Otago, New Zealand, walishika njia nyingine. Waliwaendea wanawake wa miaka 80 na zaidi majumbani mwao, wakawafunga vizito vidogo kwenye vifundo vya miguu, wakawafundisha mazoezi ya nguvu na ya usawa, na kuwahimiza watoke watembee. Kuanguka kukapungua kwa takriban theluthi.

Ndiyo maana naiheshimu kazi hii. Duniani watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na mwenye kuogopa hesabu hiyo angeweza kuwakalisha wazee wote. Watafiti hawa hawahesabu ushindi kwa sababu tu bibi hajaanguka. Wanataka pia awe amekwenda sokoni kwa miguu yake, amebishana bei, na amerudi.