Kofi Nililolisifu

Miaka miwili iliyopita niliandika uhakiki wa tamthilia moja hapa Nairobi. Kulikuwa na tukio ambapo mume anampiga mkewe kofi. Nikaandika kwamba kofi lile lilikuwa na ukweli unaouma. Nilijivunia sana sentensi hiyo.

Wiki chache baadaye nikakutana na mwigizaji wa kike kwenye foleni ya matatu. Tukasalimiana, akanishukuru kwa kuja, kisha akaniambia: "Lakini hiyo kofi ulisifu, hatukuwa tumekubaliana. Kwa mazoezi alikuwa ananikosa. Ilianza kunigusa onyesho la tatu." Nikamuuliza kwani hakusema. "Nilisema. Nikaambiwa, si unaona watu wanaipenda?"

Watu wenyewe ni mimi.

Kofi la jukwaani ni kazi ya watu wawili. Mkono unapita karibu na uso bila kugusa, anayepigwa anageuza kichwa, na mlio unatoka pahali pengine, kiganja kikipiga kifua au paja upande ambao hatuoni. Anayeburutwa kwa nywele huushika mkono wa anayemburuta, na mwendo anauamua yeye. Yaani, anayeonekana mnyonge ndiye ameshika usukani. Ndiyo maana kwenye kumbi zenye nidhamu waigizaji hufika mapema, wakarudia pigano polepole kabla watazamaji hawajaingia, hata kama ni onyesho la arobaini. Mwili husahau. Mwigizaji akizoea, anatafuta kitu kipya, na mara nyingi kitu hicho kipya kinaangukia mwili wa mwenzake.

Mwaka 2010, ukumbi mdogo wa Profiles huko Chicago, Marekani, uliigiza Killer Joe, tamthilia ya Tracy Letts kuhusu kijana na babake wanaomkodi polisi amuue mama ya kijana huyo ili wale pesa za bima. Ina fujo si haba. Wahakiki waliimwagia sifa kwa jinsi ilivyotisha. Juni 2016, gazeti la Chicago Reader likachapisha uchunguzi mrefu. Baadhi ya waliofanya kazi kwenye onyesho hilo walieleza kwamba mapigano yaliyopangwa hayakufuatwa, nguvu ikazidi, na michubuko ikawa ya kweli. Aliyetuhumiwa alikuwa mwigizaji mkuu, ambaye pia alikuwa mmoja wa viongozi wa ukumbi. Sasa hapo unaenda kumshtaki kwa nani? Siku chache baada ya habari hiyo kutoka, Profiles ikafunga milango.

Kilichonikaa si mwigizaji huyo. Ni wale wenzangu waliokaa gizani na kalamu, wakaona mtu akiumizwa, wakaandika kwamba ni sanaa nzuri.

Nimejaribu kukumbuka nilichoona usiku ule. Baada ya kofi, mke hakumtazama mume. Alitazama pembeni, nje ya seti, kama mtu anayemtafuta mwenye kazi. Mstari wake uliofuata ulichelewa. Mimi niliandika kwamba mhusika amepotea ndani ya uchungu wake. Kumbe mhusika alikuwa ameshaondoka jukwaani; aliyebaki ni mwanamke aliyepigwa akiwa kazini, anajaribu kukumbuka maneno. Ukweli niliousifu ulikuwa umeua mchezo, na sikujua kuusoma.

Kuna wale watasema jukwaa si filamu, kila usiku ni mpya, ukifunga kila kitu unaua uhai. Nakubali nusu. Kule Kamĩrĩthũ, Limuru, mwaka 1977, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda yalifanyika hadharani, na wanakijiji walikuwa wakikosoa na kurekebisha. Mchezo ulibadilika kwa sababu watu walikaa wakasema, hapa si hivi. Hayo ni mabadiliko ya mezani, na kila mtu yupo. Kubadilisha kofi saa mbili usiku, mbele ya watu waliolipa, wakati mwenzako hawezi kukataa bila kuvunja onyesho, huko si kubuni. Ni kumvizia.

Watu wa Chicago walikaa chini. Kundi la Not In Our House, lililoanzishwa na waigizaji, lilisaidia kuandaa mwongozo uliotolewa mwaka 2017, Chicago Theatre Standards. Si sheria, kundi huufuata kwa hiari. Unagusa mapigano, utupu na matendo ya kimapenzi jukwaani, na unaeleza mwenye malalamiko aanzie wapi. Kwetu, ambapo mwigizaji anaweza kulipwa nauli na asante, na nafasi inayofuata inatoka kwa mtu yuleyule, mwongozo wa aina hiyo hauhitaji bajeti. Unahitaji karatasi, na mtu mmoja asiyekuwa mkurugenzi ambaye unaweza kumwambia.

Upande wangu, sitaandika tena kwamba kofi lilikuwa la kweli kana kwamba hiyo ni sifa. Kofi zuri la jukwaani ni lile linalonifanya nishtuke, kisha yule aliyepigwa anaendelea kuigiza, macho yake yakiwa bado kwa mume. Nikimwona anatazama pembeni, nitaandika nimemwona.