Kinyonga Katika Televisheni: Rangi Si Hila

Filamu za wanyama ni miongoni mwa vipindi vya televisheni vinavyoheshimiwa sana katika nyumba na shule za Kampala. Mzazi asiyependa mtoto wake atazame ngumi na bastola humwachia bila wasiwasi atazame simba, mamba na nyuki. Heshima hiyo ina msingi, lakini isitufanye tupokee kila tunachoonyeshwa pasipo kukipima. Katika makala haya tunakusudia kumchukua mnyama mmoja tu, kinyonga, ambaye Waganda humwita nnawolovu, na kuuliza kama filamu hizo zimemtendea haki. Tunasema kama watu tumpendao kinyonga, na pia kama walimu wa Kiswahili. Msomaji ataona kwamba mambo hayo mawili hayatengani.

Anayevitazama vipindi hivyo mara kwa mara amekwisha kuujua mpango wake. Kwanza, jicho moja latazama mbele na jingine nyuma. Kisha ulimi wafyatuka kwa mwendo uliopunguzwa, panzi ananaswa, na muziki unapanda. Mwisho huja rangi, na msimulizi hutuambia kwamba huyu ndiye bingwa wa kujificha. Juu ya ulimi hatuna ugomvi. Mwaka 2016 mtafiti Christopher Anderson, wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, alieleza kwamba ulimi wa Rhampholeon spinosus, kinyonga mdogo wa milima ya Usambara, hufyatuka kwa mchapuko unaofikia mara 264 ya ule wa kitu kinachoanguka. Ajabu kama hiyo yastahili kamera na muziki wake. Ugomvi wetu ni juu ya rangi.

Si kweli kwamba kinyonga huigiza rangi ya kila anachokikalia. Mweke juu ya kitambaa chekundu, naye hatakuwa mwekundu kwa ajili ya kitambaa. Kinachomficha hasa ni rangi yake ya siku zote, ya majani au ya magome, pamoja na mwendo wake wa taratibu. Mabadiliko yana kazi nyingine. Asubuhi ya baridi hujitia weusi apate kulivuta joto la jua. Dume akikabiliana na dume hung'ara, akishindwa hufifia, kana kwamba anasema, "Basi, yameisha." Mwaka 2008 Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli, waliochunguza vinyonga wa kusini mwa Afrika, walionyesha kwamba spishi zinazobadilika sana ni zile zenye ishara kali za kupashana habari, wala si zile zinazoishi mahali penye rangi nyingi. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva, waliomchunguza kinyonga mmoja wa Madagaska, walieleza namna jambo hilo linavyotendeka: fuwele ndogo mno zilizomo ngozini husogeleana au huachana, na nuru inayorudi hubadilika. Kwa ufupi, rangi ya kinyonga ni lugha.

Huenda mtu akauliza, kosa hilo lina madhara gani? Pengine huko London halina. Hapa kwetu laangukia udongo uliokwisha kulimwa. Katika Kiswahili, kumwita mtu kinyonga ni kumwita kigeugeu. Mwanasiasa ahamaye chama hulipata jina hilo kabla kiti chake kipya hakijapata joto. Tena, kwa makabila kadhaa ya Kibantu, hasa ya kusini, kinyonga ndiye tarishi aliyetumwa kuwaambia watu kwamba hawatakufa, akachelewa njiani, mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Wako pia wanaodai kwamba ana sumu au uchawi, ilhali sumu hana hata chembe. Kwa mashtaka hayo yote hukumu yake ni jiwe la mtoto amwonaye uani. Filamu ingeweza kuwa wakili wake. Badala yake yamrudishia mashtaka yaleyale, sasa yamevikwa joho la sayansi. Nasi twasema kwamba mashtaka hayo yamepinduliwa: mnafiki huuficha moyo wake, lakini kinyonga huuanika juu ya ngozi.

Kosa la pili ni la mahali. Takriban nusu ya spishi zote za kinyonga zapatikana Madagaska, wala hatuwalaumu wapiga picha kwa kwenda huko, kama walivyofanya wa BBC katika mfululizo wao Madagascar wa mwaka 2011. Lakini mtoto wa Kampala aonyeshwaye vinyonga wa huko tu atawezaje kujua kwamba Ruwenzori kuna kinyonga wa pembe tatu, mwenye jina la Harry Johnston, aliyekuwa kamishna wa Waingereza hapa Uganda kati ya 1899 na 1901? Atajuaje kwamba Trioceros ellioti, mkazi wa nchi yetu, huzaa watoto hai badala ya kutaga? Na liko jambo linalotuhusu zaidi sisi walimu. Mwaka 2006 wanasayansi waliunda jenasi mpya wakaiita Kinyongia, kwa neno letu la Kiswahili. Mbili kati ya spishi zake, xenorhina na carpenteri, zaishi katika Ruwenzori. Hatujamsikia msimulizi hata mmoja akitaja asili ya jina hilo.

Haki itendeke, hata hivyo. Wengi wetu tulianza kumpenda kinyonga kwa sababu ya filamu hizohizo, na mfululizo wa David Attenborough, Life in Cold Blood, wa mwaka 2008, uliwapa wanyama watambaao heshima ambayo kwa kawaida hupewa simba na tembo. Wala wapenzi wenyewe si watakatifu. Kinyonga wa Jackson, wa nyanda za juu za Kenya, alifikishwa Hawaii mwaka 1972 kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, na sasa amezagaa huko. Tanzania nayo ililazimika mwaka 2016 kusimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Filamu ioneshayo ajabu pasipo kuonyesha makao huzaa mapenzi ya namna hiyo, ya kutaka kumiliki.

Tufanye nini basi? Kiswahili kilitajwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto hao watahitaji mambo ya kuzungumza. Mwalimu akipata filamu ya kinyonga, na aizime sauti, awaachie wanafunzi waisimulie kwa Kiswahili: ni saa ngapi, kuna baridi au joto, ni nani aliye mbele yake, na rangi hii yasema nini? Kisha awapeleke uani wakamtafute aliye hai, mawe yakiwa yamebaki chini. Lugha iliyompa mnyama huyu jina lake la kitaalamu haina budi kumpa pia maelezo ya kweli, na kazi hiyo hatuwezi kumwachia msimulizi wa mbali.