Mwanahisa "Mdogo" na Thamani ya Hisa Zake

Imetufikia rasimu ya istilahi za sheria ya makampuni, kazi ya mtarjumi ambaye ni dhahiri kwamba ameihangaikia. Sehemu kubwa tumeikubali bila mjadala. Lakini ukurasa unaohusu ugomvi baina ya wanahisa hatukuweza kuupitisha, na yafaa tueleze sababu. Maana tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kosa la istilahi haliishii tena mezani petu. Humfikia mdai.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Makampuni ya 2002, kifungu cha 233. Mwanahisa anayeona kwamba shughuli za kampuni zinaendeshwa kwa namna inayodhuru maslahi yake isivyo haki aweza kupeleka maombi Mahakamani. Nayo Mahakama ikiridhika yaweza, pamoja na mambo mengine, kuamuru hisa zake zinunuliwe na wanahisa wenzake au na kampuni yenyewe.

Rasimu yamwita mtu huyo "mwanahisa mdogo". Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni ya kukoboa mpunga huko Kawajense, mjini Mpanda. Ndugu wawili wana asilimia 40 kila mmoja, na mjane wa kaka yao mkubwa ana asilimia 20. Shemeji zake humwamkia shikamoo. Hakuna mtu wa Kawajense atakayemwita mdogo. "Wanahisa wachache" nalo halifai. Ikiwa mtu mmoja ana asilimia 51 na watu saba wamegawana 49, hao saba ndio wengi. Kinachohesabiwa ni kura za hisa, si vichwa vya watu. Twapendekeza "mwanahisa wa hisa chache".

Neno "ukandamizaji" tumelikataa pia. Sheria ya Uingereza ya 1948 ilitumia neno zito la namna hiyo, na walalamikaji wengi wakashindwa kulifikia. Mwaka 1980 Waingereza wenyewe waliliacha, wakashika maneno mapana zaidi juu ya maslahi kudhuriwa isivyo haki, na hayo ndiyo yaliyomo katika kifungu chetu. Tukirudisha "ukandamizaji" tutakuwa tumemtwika yule mjane mzigo ambao Bunge halikumtwika.

Kosa kubwa kuliko yote liko katika bei. Rasimu yaandika "thamani ya soko" kila mahali, kana kwamba ndiyo thamani pekee iliyopo. Tuseme kampuni yetu ya Kawajense yote ina thamani ya shilingi 300,000,000. Fungu la mjane kwa hesabu ya kawaida ni 60,000,000. Lakini sokoni ni nani atakayenunua asilimia 20 ya kampuni ya ndugu wawili, asiweze kumteua mkurugenzi wala kudai gawio? Mnunuzi atataka kupunguziwa. Akipunguziwa asilimia 40, mjane atapata 36,000,000, na zile 24,000,000 zitabaki kwa shemeji zake, ambao ndio waliomsukuma nje. Hivyo neno moja la mtarjumi laweza kumlipa mkosaji.

Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake hazizifungi zetu ila husomwa, zililitazama jambo hili kwa makini. Katika shauri la Bird Precision Bellows la mwaka 1984 ilielezwa kwamba pale kampuni inapofanana na ubia wa watu walioaminiana, bei ya haki kwa kawaida haikatwi kwa sababu tu hisa ni chache. Mwenye kununua hisa kama kitega uchumi tu hali yake yaweza kuwa nyingine. Na kabla ya hapo, katika shauri la Meyer lililoamuliwa mwaka 1958, wanahisa walilipwa pauni 3 na shilingi 15 kwa hisa, bei iliyokadiriwa kana kwamba kampuni haikuwa imehujumiwa. Hiyo si bei ya soko hata kidogo. Kwa hiyo tumeandika "thamani ya haki", na "thamani ya soko" tumeiweka mahali pake yenyewe. Kile kinachopunguzwa tumekiita "makato ya hisa chache". Rasimu ilisema "punguzo", neno ambalo dukani huleta furaha.

"Fidia" kwa ajili ya malipo hayo tumeifuta. Wasomaji wanaokumbuka mabenki yalivyotaifishwa Februari 1967 watalihusisha neno hilo na mali iliyotwaliwa na Serikali. Hapa kuna muuzaji na mnunuzi, ingawa mmoja wao analazimishwa. Kinacholipwa ni bei.

"Mthamini" bado hatujaliamua. Wilayani mthamini ni mtu wa ardhi na majengo, naye ataipima nyumba ya mashine na mashine zenyewe, lakini wateja na madeni ya kampuni ni kazi ya mhasibu. Wasomaji walio mahakamani watuandikie wanamwitaje.