Kasuku katika kamusi: juu ya madondoo ya riwaya ya kuchekesha

Mtunzi wa kamusi anapochota sentensi katika riwaya ya kuchekesha hutafuta ushahidi wa matumizi ya neno. Lakini riwaya ya namna hiyo mara nyingi hulitumia neno ili kulifanyia mzaha. Utata huo tunautazama hapa kwa kisa kimoja: Zazie dans le métro, riwaya ya Raymond Queneau iliyotoka mwaka 1959, na Trésor de la langue française, kamusi ya juzuu 16 iliyochapwa kati ya 1971 na 1994, ambayo sasa husomwa bure katika intaneti.

Kamusi hiyo yastahili sifa. Hutaja mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa, na Queneau yumo miongoni mwa mashahidi wake. (Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 hutoa mifano isiyo na mwenyewe, msomaji hana pa kwenda kuhakikisha.) Hata hivyo ukurasa hautoshi. Katika Zazie yumo kasuku, Laverdure, anayewakaripia watu kwa usemi uleule kwamba hawajui ila kusema tu. Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe hana kazi nyingine. Usemi huo ukiwekwa katika kamusi kwa jina la Queneau peke yake, maana ya kitenzi itabaki salama, lakini kicheko kitakuwa kimekufa, na mwanafunzi wetu atadhani kwamba ni karipio la mwandishi.

Jambo la tahajia ni zito zaidi. Queneau huandika bloudjinnzes kwa maana ya suruali za jinzi, kama sikio la Paris lilivyolipokea neno la Kiingereza. Anayelitaja kuwa ushahidi wa tahajia amekosa. Anayelitaja kuwa ushahidi wa matamshi amepata hazina. Tena mwandishi huyu huchanganya misimu ya mtaani na njeo za Kifaransa cha vitabuni, pengine katika sentensi moja. Dondoo la maneno kumi huweza kuikata sentensi palepale lugha hizo mbili zinapogongana, na mgongano huo ndio riwaya yenyewe.

Katika karatasi ufupi ulikuwa na udhuru wake, yaani nafasi na gharama. Katika intaneti udhuru huo umekwisha. Kwa maoni yetu, dondoo la aina hii lingepaswa kuonyesha ni nani asemaye, anamwambia nani, na kama neno linachezewa. Mstari mmoja ungetosha.

Sisi wa Lubumbashi tusidhani kwamba hilo ni shauri la Wafaransa tu. Michezo ya kundi la Mufwankolo, ambayo Johannes Fabian aliiandikia kitabu mwaka 1990, ni ghala la Kiswahili cha mji wetu, lakini ni Kiswahili kilichotiwa chumvi ili watu wacheke. Atakayekiingiza katika kamusi bila kumtaja mhusika atakuwa ametuuzia maneno ya chifu wa jukwaani kuwa ndiyo maneno ya machifu wa Katanga.