Kurasa za Picha katika Nchi Isiyo na Mbuga

Kaunti za Kisii na Nyamira hazina hata hifadhi moja ya taifa ya wanyamapori, na jambo hilo, ambalo mtalii angelihesabu kuwa upungufu, ndilo lililoupa ufundi wa kupiga picha za asili katika vilima vya Gusii sura yake ya pekee. Upande wa kusini-mashariki, katika Kaunti ya Narok, kuna Maasai Mara; upande wa magharibi, katika Kaunti ya Homa Bay, kuna Hifadhi ya Ruma; na katikati kuna nchi ya migomba, majani chai na nyumba za mabati, ambamo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, wengi wao wakiishi kwenye vishamba vilivyogawanywa kizazi baada ya kizazi hata vikabaki vipande vyembamba. Chui, kiboko na pundamilia, ambao koo mbalimbali za Abagusii ziliwafanya alama zao, leo wanapatikana katika masimulizi kuliko vichakani. Mpiga picha wa huku hana budi kuinama, kwa maana asili yake iko kwenye ua wa shamba, kwenye kingo za mto Gucha, na kwenye kigogo kinachooza nyuma ya zizi.

Uraibu unaosifiwa hapa una sehemu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni picha ya asili, yaani picha ya mmea, mnyama, mdudu, maji au hali ya anga kama ilivyo mahali pake, bila kupangwa wala kulazimishwa. Ya pili ni ukurasa wa kumbukumbu wa kidijitali, yaani ukurasa unaotengenezwa kwenye kompyuta au simu kwa kuunganisha picha kadhaa, maandishi na mandharinyuma yenye sura ya karatasi, kama watu wa zamani walivyobandika picha, tiketi na maua makavu katika daftari kwa gundi. Sehemu ya kwanza ndiyo inayopewa sifa zote. Hata hivyo ustadi ulio mgumu zaidi, na wenye manufaa ya kudumu, umo katika ya pili, kwa kuwa picha huonyesha tu kwamba kitu kilikuwapo, ilhali ukurasa humlazimisha mtengenezaji aseme ni kitu gani, kilionekana wapi, lini, na jina lake alilipata kwa nani.

Nuru ya nyanda hizi ina tabia zake. Mji wa Kisii uko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja, kwa hiyo jua huchomoza na kupanda karibu wima, na ile nuru laini ya pembeni ambayo mpiga picha wa Ulaya huifaidi kwa muda mrefu jioni za kiangazi, hapa hupita upesi. Asubuhi ikikomaa kidogo vivuli huwa vikali na majani mapana ya mgomba hung'aa hata rangi yake ikapotea. Baada ya adhuhuri hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda nyanda za juu, ikakutana na pepo za mashariki, na mkutano huo ndio unaoleta ngurumo za alasiri pamoja na mvua ya mawe, ambayo wakulima wa chai wa Nyamira wanaijua kwa hasara yake, kwani huchanachana machipukizi yaliyokuwa tayari kuchumwa. Muda mfupi unaoitangulia mvua hiyo ni wa thamani kubwa. Wingu zito huisambaza nuru sawasawa, vivuli hulegea, chai hurudia kijani chake halisi, na ukingo wa Manga, unaoinuka mpakani mwa kaunti hizi mbili, huonekana mweusi na karibu kuliko ulivyo. Mwenye busara hupiga upesi, kisha akakimbilia chini ya bati.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi yenyewe ilivyo. Ua la mgomba huning'inia kwenye ncha ya mkungu likiwa limefumbwa kwa magamba ya zambarau iliyoiva. Gamba moja baada ya jingine hujiinua na kujikunja, likaacha wazi safu ya maua madogo yenye weupe wa maziwa, yaliyojaa nekta, yaani maji matamu ya maua, na hapo ndipo chozi anapokuja. Chozi wa rangi ya shaba ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, na dume lake lina manyoya mawili marefu ya mkia. Hujishikiza kwenye gamba kichwa chini, hunyonya, huinuka kutazama, kisha hunyonya tena. Mng'ao wake hautokani na rangi iliyomo ndani ya manyoya, ila na jinsi unyoya wenyewe ulivyoumbwa kuirudisha nuru, na kwa sababu hiyo ndege yule yule aliyemetameta kwenye jua huwa mweusi tititi akiingia kivulini. Anayeelewa jambo hili hasumbuki kumfuata. Husimama mahali ambapo jua liko nyuma yake, huegemeza kiwiko kwenye shina la mgomba wa jirani ili mkono usitetemeke, hugusa kioo cha simu pale ua lilipo ili lenzi ilenge hapo na isivutwe na mwangaza wa mbingu, kisha hungoja, maana chozi akishalijua ua lenye nekta ana desturi ya kulirudia. Kabla ya hayo yote, bila shaka, huwa ameomba ruhusa, kwa sababu katika nchi iliyobanana hivi kila mgomba una mwenyewe, na mtu anayenyemelea shambani mwa wenzake akiwa ameinua simu hueleweka vibaya kwa urahisi.

Mapenzi ya kuhifadhi na kuonyesha picha hayakuletwa Gusii na intaneti. Katika nyumba nyingi za Kenya mgeni alipokwisha kuketi alipewa albamu ya familia aifunue huku chai ikichemka, na mwenyeji alikaa kando yake akieleza nani ni nani. Ukurasa wa kidijitali ni mrithi wa albamu hiyo, na unapokosa sauti ya yule mwenyeji huwa umepoteza nusu ya mali yake. Kwingineko duniani ufundi huu una wazee wake. Mwingereza Anna Atkins alianza mwaka 1843 kutoa kwa sehemu kitabu chake cha mwani, yaani mimea ya majini, ambacho kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha zilizochorwa na nuru. Nakala zake alizitengeneza kwa mkono na kuwagawia marafiki na wanazuoni, na chini ya kila mmea aliandika jina lake la kisayansi. Hapa Kenya, Mmarekani Peter Beard, mwandishi wa kitabu The End of the Game kilichotoka mwaka 1965, alijaza madaftari kwa picha, vipande vya magazeti, majani na hata damu. Madaftari hayo yana nguvu isiyokanika, lakini mtazamaji humwona Beard kabla hajaiona nchi, na kwa mtu anayetaka kujifunza kazi hii Atkins ni mwalimu bora.

Kutengeneza ukurasa huanza na kuelewa tabaka. Programu za kazi hii, iwe GIMP ambayo hutolewa bila malipo au Canva ambayo wengi huitumia kwenye simu, humwezesha mtu kupanga vitu juu ya vingine kana kwamba kila kimoja kimewekwa kwenye karatasi yake angavu: chini kabisa mandharinyuma, juu yake picha kuu, kisha picha ndogo, kisha maandishi, na kila tabaka huweza kusogezwa au kufutwa bila kuyagusa mengine. Tatizo ni kwamba mapambo yanayokuja tayari na programu hizi yametengenezewa nchi nyingine, na si ajabu kumwona kinyonga wa Nyamira amezungushiwa chembe za theluji na majani ya vuli. Dawa yake iko karibu. Gome kavu la mgomba likipigwa picha kwa karibu hutoa karatasi ya kahawia yenye mistari ambayo hakuna duka linaloiuza; jiwe la sabuni la Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, ambalo wachongaji hulichimba na kulilainisha kwa msasa na maji, lina weupe, uwaridi na ukijivu unaofaa kuwekwa nyuma ya picha yoyote; na msuko wa kikapu, ukififishwa kidogo, hufanya fremu. Ukurasa uliotengenezwa hivyo hujulikana kwao hata kabla haujasomwa.

Maandishi ndiyo yanayotenganisha stadi na mpambaji. Tarehe na mahali ni lazima, na jina huandikwa vizuri zaidi likiwa katika lugha tatu: Ekegusii, Kiswahili, na Kilatini cha wanasayansi. Mti wa omotembe, unaotoa maua mekundu kama kaa la moto wakati matawi yake hayana majani, ni Erythrina abyssinica. Omosocho ni Croton macrostachyus. Jina la Kilatini hupatikana kwa msaada wa tovuti ya iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambapo picha yenye tarehe na mahali huangaliwa na watu wengine hadi wakubaliane kuhusu jina. Jina la Ekegusii, pamoja na habari za dawa, kuni na miiko ya mti, hupatikana kwa magokoro, yaani bibi mzaa baba au mzaa mama, na tovuti hiyo haiwezi kuishika nafasi yake. Kwa ndege kuna mradi wa Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9 na kupokea orodha za ndege walioonekana katika kila mraba. Orodha kutoka kwenye shamba la chai la Nyamira huingia humo kwa haki sawa na ile ya kutoka Mara.

Katika orodha hizo za ndege ndipo inapozuka habari ya korongo taji, ndege yule aliyemo katika bendera ya Uganda, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika kundi la walio hatarini kutoweka. Hutaga mayai mawili au matatu kwenye matete ya kinamasi, na vinamasi vya Gusii vimekuwa vikipungua kwa sababu zinazofahamika: mifereji ya kukausha maji, tanuri za matofali yanayofinyangwa kwa udongo wa humo humo, na mikaratusi, ambayo hunyonya maji mengi lakini humletea mwenye shamba fedha ya nguzo na ya kuni za viwanda vya chai. Si haki kumlaumu mkulima mwenye robo ekari na ada za shule za kulipa. Hata hivyo, kinamasi kimoja kikipigwa picha kutoka mahali pamoja kila Aprili na kila Oktoba, na picha hizo zikapangwa kwenye ukurasa mmoja kwa tarehe zake, hutokea ushahidi ambao hotuba haiwezi kuutoa wala kuukana. Lakini picha ya kiota haifai kusambazwa. Simu nyingi huandika ndani ya faili ya picha vipimo vya mahali ilipopigwa, na faili ikitumwa kama waraka vipimo hivyo husafiri nayo. Anayetafuta makinda ya kuuza hahitaji kiongozi mwingine. Ukurasa wa korongo unapaswa kutaja kaunti ndogo na mwezi, basi.

Njia inayotumiwa zaidi kushirikishana kurasa hizi ni hali ya WhatsApp, ambayo hufutika baada ya saa 24 na ambayo hufinya picha, yaani hupunguza taarifa zake ili iwe nyepesi, hata manyoya ya chozi yakageuka doa la rangi. Inafaa kwa salamu, haifai kwa kumbukumbu. Kurasa zilizo bora ziwekwe nakala mahali pawili, kisha zichapishwe katika duka la picha mjini, na nakala ya kwanza apelekewe mwenye shamba ambaye mgomba wake, kisima chake au kinamasi chake ndicho kilichopigwa picha.