Redio ya Kusikilizia Ifungwe Mdomo

Redio ya mkononi aina ya Baofeng UV-5R iliingia sokoni mwaka 2012, na huko Marekani huuzwa kwa dola 25 hivi. Kwa fedha hiyo mtu anaweza kusikia zimamoto wa wilaya yake wakiitwa kazini, jambo ambalo zamani lilihitaji skana ya bei kubwa. Redio inapokea megahezi 136 hadi 174, pamoja na sehemu kubwa ya masafa yanayoanzia 400, na humo ndimo yanamopita mawasiliano ya huduma nyingi za dharura za miji midogo na za vijijini. Maelekezo mengi ya kuipanga yanakomea pale masafa yanapokwisha kuingizwa. Kwa maoni yangu kazi inakuwa haijaisha. Redio hii imetengenezwa kurusha na kupokea, na ikiwa shabaha ni kusikiliza tu, haijapangwa sawasawa mpaka ishindwe kurusha hata neno moja kwenye chaneli hizo.

Kazi yenyewe si ngumu. Redio huunganishwa na kompyuta kwa kebo yenye plagi ya pini mbili, kisha hufunguliwa programu ya bure iitwayo CHIRP. Kebo nyingi za bei poa zina chipu bandia ambayo draiva za Windows huikataa, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani redio ni mbovu. Hatua ya kwanza ni kuvuta yaliyomo kwenye redio na kuyahifadhi katika faili lisiloguswa, ili mambo yakiharibika pawe na pa kurudia. Baada ya hapo linatokea jedwali, kila mstari ukiwa chaneli moja. Panapotumika ripita, yaani kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya, masafa ya kuandika ni yale ambayo ripita yenyewe inarushia, si yale ambayo wazima moto wanairushia. Upana wa mawimbi uwe mwembamba, kwa kuwa tangu Januari 1, 2013 huduma hizo nchini Marekani zinatakiwa kutumia kilohezi 12.5 au pungufu. Toni ya kupokea iachwe wazi mwanzoni, maana toni iliyokosewa huifanya redio inyamaze wakati watu wanaongea. Safu inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote: ile ya dupleksi, ambamo huchaguliwa kuzima. Baada ya jedwali kurudishwa kwenye redio, kitufe cha kuongea kikibonyezwa kwenye chaneli hiyo hakuna kinachorushwa. Kupokea kunaweza kupimwa kwa chaneli saba za hali ya hewa za NOAA huko Marekani, kati ya megahezi 162.400 na 162.550, ambazo husema usiku na mchana. Ila kinga hii inakaa ndani ya chaneli tu. Mtu akihamia hali ya kuandika masafa kwa vitufe, redio inarudi kuwa na mdomo, kwa hiyo ibaki kwenye chaneli.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba siku ya maafa mdomo huo ndio utakaookoa maisha. Hoja hiyo inaingia moyoni kwa urahisi, lakini tukio la Idaho linaijibu. Julai 2021, moto wa Johnson ulipokuwa ukiwaka karibu na Elk River, mtu mwenye leseni ya redio za ridhaa aliingia kwenye masafa ya wazima moto wa msituni na kuwapa taarifa. Hakuwa mgeni wa redio, na yaelekea aliamini anasaidia. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliona kuwa aliingilia mawasiliano ya operesheni, na mwaka 2022 ikapendekeza atozwe faini ya dola 34,000. Sababu ya ukali huo iko katika fizikia yenyewe: kwenye FM, mawimbi mawili yakigongana katika masafa yaleyale, lenye nguvu humeza jingine, na aliyemezwa anaweza kuwa ndiye anayeomba msaada.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba wahalifu nao husikiliza, na ndiyo maana polisi wanasimba mawasiliano yao. Polisi wa Denver walifanya hivyo mwaka 2019. Mfumo wa dijitali wa P25, unaotumiwa na polisi wengi wa huko, redio hii haiufasiri kabisa, hata usiposimbwa, na mnunuzi wa mji mkubwa aujue ukweli huo mapema. Lakini hoja ya polisi isihamishiwe kwa zimamoto. Moto hausikilizi redio, ila jirani anasikiliza. Watch Duty, huduma iliyoanzishwa California mwaka 2021, huwategemea watu wanaofuatilia redio za zimamoto ili kuwajulisha wananchi moto unaelekea wapi. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu mawasiliano mengi ya moto wa misitu magharibi mwa Marekani bado ni ya analojia na yako wazi. Kila anayeropoka kwenye masafa hayo anawapa wakubwa sababu ya kuyafunga.

Sheria nayo haifanani kila mahali. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1986 inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya usalama wa umma yaliyo wazi kwa watu wote, ingawa baadhi ya majimbo, New York likiwemo, yanabana vifaa vya kusikilizia ndani ya gari. Uingereza inakataza kusikiliza ujumbe ambao hukukusudiwa kuupokea. Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, ruhusa ya Marekani haivuki bahari: masafa husimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na huko ndiko kwa kuuliza kabla ya kununua redio, si baada ya kuiwasha.